Fainali ya 1906, Chicago kwa Chicago: White Sox wasiojua kupiga waliifungaje Cubs ya ushindi 116?

MtazamajiWaMbali

Wadau, habari za leo. Napitia takwimu za fainali za zamani za besiboli na nimekwama kwenye ile ya 1906, ambapo mji mmoja ulitoa timu zote mbili. Cubs walimaliza msimu wakiwa wameshinda 116 na kufungwa 36. White Sox walishinda 93 na kufungwa 58, na wastani wao wa kupiga ulikuwa .230, wa mwisho kabisa kwenye ligi yao ya American. Ndiyo maana magazeti yaliwabatiza jina la timu ya maajabu isiyo na mapigo. Halafu wakabeba kombe, mechi 4 kwa 2.

Maswali yangu:

Kwanza, ilikuwa bahati tu, au kuna kitu kwenye namba nisichokiona?

Pili, shujaa anatajwa kuwa George Rohe, ambaye naona alikuwa mchezaji wa akiba. Aliingiaje kikosini?

Tatu, najaribu kukokotoa upya wastani wa pointi wanazoruhusu warushaji kwa kutumia majedwali ya magazeti ya wakati ule, na kila nikikokotoa napata namba tofauti na zilizopo mtandaoni. Nakosea wapi? Sheria za mchezo nazijua, msinianzishie mwanzo.

BantiNaWizi

Mkuu, .230 inakudanganya kwa sababu inapima kitu kimoja tu. Unachukua mapigo salama, unagawanya kwa mara za kupiga. Kwenye kigawanyo hicho besi ya bure (anayopewa mpigaji mrushaji akikosea mirusho minne) haimo, kugongwa na mpira hakumo, na banti ya kujitoa (kuugusa mpira polepole kwa gongo ili mwenzako asogee) haimo. Mpigaji akisimama mara 4, akapewa besi ya bure mara 2, akapiga banti safi ya kumsogeza mwenzake mara 1, na akatolewa mara 1, wastani wake wa siku hiyo ni .000, ingawa mara tatu kati ya nne ameisaidia timu.

White Sox walikuwa hodari kwa mambo hayohayo yasiyohesabiwa. Waliongoza ligi yao kwa besi za bure. Wakishafika besi ya kwanza, banti inafuata, wizi wa besi unafuata, na mpira wa polepole kuelekea kulia unamleta mtu nyumbani. Kwa mtindo huo walifunga pointi 570, na hapo hawakuwa wa mwisho bali wa tatu kati ya timu 8. Homurani walipiga 7 tu msimu mzima, timu nzima. Na waliruhusu pointi 460. Tofauti ya +110 si ya timu dhaifu. Mwezi Agosti walishinda mechi 19 mfululizo, na bahati haiendi mechi 19.

Cubs walikuwa wakubwa zaidi, hilo halina ubishi: walifunga 705 na kuruhusu 381.

Kumbuka pia mpira wenyewe. Mpira mmoja ulitumika muda mrefu hadi ukawa mchafu, laini, na mgumu kuuona jioni. Kiini cha koki kilikuja kuenea 1910 na 1911. Mpira wa mate ulikuwa halali, marufuku yake ilikuja 1920, na Ed Walsh wa White Sox alikuwa bingwa wake. Mazingira hayo yanaifanya pointi moja kuwa ghali, na banti inayopoteza auti moja ili kusogeza mtu futi 90 inalipa. Leo haingelipa vile, kwa hiyo usiwapime kwa kipimo cha leo.

Kuhusu Rohe: George Davis, aliyekuwa akilinda kati ya besi ya pili na ya tatu, aliugua akakosa mechi tatu za kwanza. Fielder Jones, meneja aliyekuwa pia akicheza katikati ya uwanja wa nje, alimhamisha Lee Tannehill kutoka besi ya tatu kwenda kuziba nafasi ya Davis. Besi ya tatu ikabaki wazi, akaingia Rohe. Mechi ya kwanza, iningi ya tano, Rohe akapiga la besi tatu. Kisha Dougherty akapiga mpira dhaifu kwa mrushaji wa Cubs, Brown, naye akautupa nyumbani, mdakaji Kling ukamponyoka. Pointi ya kwanza ya fainali nzima ikapatikana hivyo. Isbell akaleta ya pili iningi iliyofuata, ikaisha 2-1, timu zote mbili zikiwa na mapigo salama 4 kila moja.

Mechi ya tatu ndiyo inayofundisha. Iningi ya sita, 0-0. Tannehill anapiga la besi moja. Walsh, mrushaji, anapewa besi ya bure. Hahn anagongwa na mpira usoni hadi pua inavunjika, naye anapata besi. Jones anatolewa, Isbell anatolewa kwa straiki tatu. Auti mbili, besi zimejaa, na anayesimama ni yule wa akiba. La besi tatu tena. 3-0, na hesabu ikafungwa hapo. Hesabu uone: mapigo salama mawili, pointi tatu. Anayesoma wastani wa kupiga peke yake hataelewa zilitoka wapi.

Davis aliporudi mechi ya nne, aliyewekwa benchi ni Tannehill. Rohe alibaki. Nauona huo kama uamuzi bora wa Jones katika mechi zote sita, kwa sababu Tannehill ndiye aliyekuwa mlinzi mzuri zaidi na meneja mwoga angemrudisha. Rohe alimaliza na mapigo 7 katika mara 21, yaani .333. Msimu wa 1907 ulikuwa wake wa mwisho kwenye ligi kuu.

Hesabu_Kwanza

Nakubaliana na hapo juu, lakini swali la bahati linajibika kwa kalamu na karatasi, tusilipite.

Hatua ya kwanza, tafuta nafasi ya Cubs kushinda mechi moja dhidi ya White Sox. Asilimia za ushindi ni A = 116/152 = .763 na B = 93/151 = .616. Fomula inayotumika sana ni (A − AB) ÷ (A + B − 2AB). Juu unapata .763 − .470 = .293. Chini unapata 1.379 − .940 = .439. Gawanya: .667. Yaani Cubs wanashinda mechi mbili katika kila tatu.

Hatua ya pili, nafasi ya kufikisha ushindi 4 kwanza. Ukiita p = 2/3 na q = 1/3, ni p⁴ × (1 + 4q + 10q² + 20q³). p⁴ ni .1975. Mabano yanatoa 4.185. Jibu ni .827.

Kwa hiyo White Sox walikuwa na nafasi ya asilimia 17 hivi, karibu moja katika sita. Anayerusha dadu akapata sita hatuiti muujiza.

Na hapo nimewabeba Cubs. Fomula inadhani ligi mbili zina nguvu sawa. Timu hizi hazikukutana msimu mzima, na ushindi 116 ulipatikana kwenye ligi ya National pekee. Ukiamini American ilikuwa ngumu kidogo, shusha p hadi .60 na ukokotoe tena: .1296 × 5.48 = .710. White Sox wanapanda hadi asilimia 29. Kosa la wengi ni kuchukua .763 moja kwa moja kama nafasi ya Cubs kwa kila mechi. Hiyo ni nafasi yao dhidi ya mpinzani wa wastani, na White Sox hawakuwa wa wastani.

MtazamajiWaMbali

Asanteni sana wakuu. Sasa nimeelewa kwa nini 1906 haikuwa ajabu kama inavyosimuliwa. Lakini mechi mbili za mwisho zinanisumbua: 8-6 na 8-3. Timu ya banti inapataje pointi 16 kwa siku mbili? Nimesoma mahali kwamba Mordecai Brown wa Cubs alikuwa amechoka. Hiyo inatosha kueleza yote?

Ratiba_ya_Warushaji

Haitoshi, lakini imo. Weka kalenda mbele yako, kwa sababu fainali ya mji mmoja haina siku ya kusafiri. Mechi sita zilichezwa siku sita mfululizo, 9 hadi 14 Oktoba, kwa zamu kila siku uwanja mwingine. Baridi ilikuwa kali. Siku ya kwanza theluji ilidondoka. Fainali ya miji miwili huwa na siku za treni, na mrushaji anapata pumziko bila meneja kuamua chochote. Hapa pumziko halikuwepo, kila usingizi wa mkono ulitoka kwenye uamuzi wa mtu.

Brown alirusha tarehe 9 (akafungwa 2-1), tarehe 12 (akashinda 1-0 kwa kuruhusu mapigo mawili), kisha Frank Chance, meneja wa Cubs, akamrudisha tarehe 14. Siku mbili za kupumzika, halafu moja. Tarehe 14 hakumaliza iningi ya pili. White Sox walifunga 3 iningi ya kwanza na 4 ya pili, na mrushaji Overall alipoingia kumpokea mechi ilikuwa imeshakwenda.

Sasa upande wa pili, maana watu husahau. Walsh alirusha mechi nzima tarehe 11, akawatoa wapigaji 12 kwa straiki tatu, mapigo mawili tu na yote mawili ya iningi ya kwanza. Akarudishwa tarehe 13, naye pumziko la siku moja. Alikwenda iningi 6, Cubs wakapata pointi 6. Doc White akaingia akarusha iningi 3 za mwisho bila kuruhusu kitu. Kesho yake, tarehe 14, White huyohuyo akaanza mechi ya sita na kuimaliza mwenyewe. Ukisema uchovu ndio ulioamua, inabidi ueleze kwa nini mkono wa White haukuchoka. Ninavyoona mimi, iningi 3 si iningi 9. Tarehe 10 pia alitolewa baada ya iningi 3 tu, Owen akamalizia. Kwa siku tano kabla ya mechi ya mwisho White alikuwa amerusha iningi 6 kwa jumla, Brown 18. Hapo ndipo tofauti ilipo, na wala haikupangwa kwa ustadi: White alitolewa mapema tarehe 10 kwa sababu alikuwa akipigwa.

Angalia pia mgawanyo wa mapigo ya White Sox: 4, 1, 4, 2, kisha 12 na 14. Mechi nne za kwanza walipata mapigo 11 tu, na bado walikuwa wamefungana mechi 2 kwa 2. Lile pigo moja la mechi ya pili ni la Jiggs Donahue, dhidi ya Ed Reulbach, siku Cubs waliposhinda 7-1. Reulbach huyo ndiye aliyeanza tarehe 13, siku tatu tu baadaye, na hakufika mbali. Wakaingia Pfiester na Overall. Kwa hiyo Cubs walitumia warushaji watatu tarehe 13 na bado wakabaki na Brown pekee wa kumwamini kwa kesho yake. Mechi ya tano ndiyo iliyoiharibu ya sita.

Na kuna umati. Tarehe 13 waliingia watu 23,257 kwenye uwanja wa Cubs. Enzi zile waliokosa viti walisimama ndani ya uwanja wa nje, nyuma ya kamba, na mpira ukiingia kwenye umati mpigaji anapewa besi zilizokubaliwa kabla ya mechi. Uwanja wa nje unapungua, mpira ambao ungedakwa unakuwa pigo la besi mbili. Frank Isbell alipiga manne ya besi mbili siku hiyo, rekodi ya mechi moja ya fainali. Sisemi hakupiga vizuri. Nasema usiyasome mapigo hayo kama ya uwanja mtupu. Siku iliyofuata Schulte wa Cubs alilalamika kwamba alisukumwa alipokuwa akirudi nyuma kuufuata mpira wa Davis kwenye ukingo wa umati, iningi ya kwanza. Mpira ukadondoka, na pointi zikaanza kuingia.

BantiNaWizi

Niongeze kitu kimoja kwa Ratiba: Cubs walicheza bila Jimmy Slagle, mchezaji wao wa katikati, aliyekuwa majeruhi. Solly Hofman akacheza nafasi yake. Hofman hakuvuruga kitu, kwa hiyo sioni kama ni kisingizio, lakini White Sox sio peke yao waliopanga kikosi cha dharura.

Na kingine: mechi tano za kwanza mwenye uwanja alifungwa zote. Wanaosema kelele za nyumbani zilibeba White Sox waanze na hapo.

Karani_wa_Jedwali

Nijibu swali la tatu, naona limeachwa.

Ndugu, shida yako karibu hakika ni kwamba unachanganya pointi zote na pointi halali za mrushaji, yaani zile zisizotokana na makosa ya walinzi. Mwaka 1906 hakuna ligi iliyokuwa ikitunza rasmi pointi halali. National ilianza 1912, American 1913. Majedwali ya magazeti yanakupa pointi, mapigo, auti na makosa, basi. Namba za mtandaoni zilikokotolewa miaka mingi baadaye na watu waliojenga upya kila iningi.

Chukua Walsh. Alirusha 9 + 6 = iningi 15. Ukiweka pointi zote 6 alizoruhusu unapata 6 × 9 ÷ 15 = 3.60. Jedwali la leo linasema 0.60, kwa sababu limehesabu pointi 1 tu kuwa halali: 1 × 9 ÷ 15. Tano nyingine zimetupwa kwa walinzi wake, na sababu iko wazi kwenye jedwali la mechi ya tano, White Sox walifanya makosa 6 ya ulinzi. Wakashinda hivyohivyo.

Ukitaka kujenga mwenyewe, fanya hivi. Tafuta maelezo ya mechi iningi kwa iningi, jedwali peke yake halitoshi. Andika kila iningi kwenye mstari wake, kila mpigaji na alichofanya. Kisha icheze upya ukichukulia kosa halikutokea: mtu aliyefika kwa kosa mhesabu kama auti. Ukifikisha auti tatu, pointi zote zinazofuata katika iningi hiyo si halali, hata kama zimekuja kwa pigo safi. Mpira uliomponyoka mdakaji nao unauondoa, ila mrusho mbovu wa mrushaji unabaki kwenye hesabu yake. Wengi wanateleza hapo kwa kuiondoa ile pointi ya kosa tu na kuziacha zilizofuata.

Mtego wa pili ni theluthi. Brown anaandikwa 19.2. Hiyo ni iningi 19 na auti 2, yaani 19.67, wala si desimali. Kwa pointi halali 7: 63 ÷ 19.67 = 3.20. Ukiingiza 19.2 kwenye kikokotozi unapata 3.28, na utatafuta kosa usiku kucha.

Mtego wa tatu: ukikuta mtandaoni pointi alizoingiza mpigaji, kwa mfano 4 za Rohe, hizo nazo zilikuja kuhesabiwa rasmi 1920. Na White kuandikiwa kwamba aliulinda ushindi wa mechi ya tano ni hesabu ya kurudi nyuma, kipimo hicho kilianza rasmi 1969. Usishangae gazeti la 1906 halitaji.

MtazamajiWaMbali

Karani, ni hilo hasa, nilikuwa naweka pointi zote. Walsh amenitoka 0.60 sasa hivi. Swali dogo la mwisho: kwenye ramani yangu nimeweka mechi za Cubs Wrigley Field. Ni sawa?

Ratiba_ya_Warushaji

Hapana mkuu. Wrigley ilifunguliwa 1914 kwa timu ya ligi nyingine, na Cubs walihamia 1916. Mechi za kwanza, tatu na tano weka West Side Grounds, eneo ambalo baadaye lilijengwa majengo ya tiba ya University of Illinois. Za pili, nne na sita ziende South Side Park, mtaa wa 39 na Wentworth. Wala usiweke Comiskey Park, hiyo ilifunguliwa 1910.